Mwenzangu wa Kaunta ya Mablanketi

Siku niliyoanza kazi katika duka kubwa la Kitale nilipewa kitambaa cha kufutia vumbi na nikakatazwa kuzungumza na mnunuzi yeyote. Aliyenikataza ni Karani Mkuu, Mgoa mwembamba mwenye miwani, ambaye ndiye aliyetuandika kazi, kutupanga na kututazama kutwa nzima. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka Sirisia, nimesoma shule ya misheni, na nilidhani kazi ya duka ni kazi ya ulimi. Nilimwuliza ni lini nitaanza kuuza. Akaniambia macho na mikono huja kwanza. "Ulimi tutautafuta baadaye," alisema, "kama utahitajika."

Vijana wa sasa hawajui lile duka lilivyokuwa, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa walowezi, na humo ndani mlikuwa na matandiko ya farasi, vyakula vya mkebe, mbegu na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Wa upande ulikuwa wetu Waafrika. Huko tuliuza vitambaa, mablanketi, sufuria, majembe ya mkono na taa za mafuta. Katikati palikuwa na chumba cha kioo alimokaa Meneja, Mzungu mwenye masharubu mekundu, akiona pande zote mbili bila kuinuka kwenye kiti.

Watu wa mashambani waliliogopa. Kwenye maduka madogo ya Wahindi waliweza kukaa kwenye gunia, wakabishana bei mpaka jasho likawatoka, na mtoto akapewa peremende. Kwetu bei iliandikwa kwenye kadi, kadi ikabandikwa kwenye kitu, basi. Wengine walisema duka lisilokubali kupunguza bei linakudharau, kana kwamba neno lako si kitu. Wengine walilisifu kwa sababu hiyohiyo, maana mgeni na mwenyeji walilipa sawa na hakuna aliyepunjwa kwa kutojua. Mama yangu alikuwa na maoni yake mwenyewe. Alisema mtu akikuuzia kitu bila kukuuliza habari za kwenu, huenda amekiiba.

Baada ya kufuta vumbi kwa muda nilihamishiwa stoo, kisha nikapandishwa kaunta ya vitambaa. Kitambaa kilikuja kwa jora, yaani bunda zima lililoviringwa kwenye ubao, na kwenye ukingo wa kaunta palipigiliwa ukanda wa shaba wenye alama za yadi. Amerikani, kile kitambaa cheupe kizito, hakikukatwa kwa mkasi mpaka mwisho. Ulichana ukingo kidogo, ukashika pande mbili, ukavuta kwa nguvu moja, nacho kikapasuka kwa kufuata uzi kikiwa kimenyooka. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa kazi hiyo. Mtu aliingia, nikamwuliza anataka nini, nikapima, nikapasua, nikafunga, akaenda zake. Karani Mkuu alisimama nyuma yangu siku moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda. Mgoa yule hakuwa na sifa nyingine za kutoa zaidi ya hizo, nami nilizibeba mpaka nyumbani.

Nilikuwa na furaha wakati huo. Halafu akaja Suleimani.

Aliletwa kwangu nimfundishe. Alikuwa kijana wa rika langu, mrefu, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, safi siku zote. Baba yake alikuwa askari aliyeletwa na serikali kutoka mbali sana, mama yake alikuwa mtu wa pwani, na yeye alilelewa katika vyumba vya karibu na msikiti pale mjini. Ukimwuliza kwao ni wapi alicheka na kusema, "Hapa hapa, bwana, mpaka nifukuzwe." Alijifunza kupasua amerikani upesi, lakini hakupasua upesi. Mtu akiingia, Suleimani hakumwuliza anataka nini. Alimwuliza ametoka wapi, barabara ilikuwaje, mvua imefika kwao. Mtu yule, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika kofia yake kama aliyeitwa kwa hakimu, alianza kusogea. Baada ya muda alikuwa ameegemea kaunta. Baada ya muda mwingine alikuwa amenunua.

Nilimwona siku moja akimhudumia mama mmoja wa kutoka Kimilili. Watu wetu wengi, wakisema Kiswahili, huchanganya l na r. Mama huyo alitaka kitambaa cha "langi ya majani." Mimi, kwa sababu nilisoma misheni, nilikuwa na tabia ya kuwasahihisha, na nilidhani nawasaidia. Suleimani, aliyezaliwa na Kiswahili kinywani, alijibu bila kutabasamu, "Langi ya majani ipo, mama, na iko na ndugu yake ya mbingu." Mama akanunua zote mbili. Nilisimama hatua chache tu kutoka pale, mkasi mkononi, na kitu kikaniingia moyoni. Sikukijua jina siku ile. Baadaye nilikijua vizuri.

Basi ikawa kila mwisho wa mwezi, vibarua wa mashamba walipopata mshahara na kuingia mjini, upande wa Suleimani ulijaa na wangu ukabaki mtupu. Watu waliniona sina mtu, nami niliwaita, wakaniambia asante, tutangoja. Wangoje nini? Kitambaa kilikuwa kilekile, kutoka jora lilelile, kwa bei ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Karani Mkuu aliniuliza siku moja mbele ya wenzangu, "Wafula, mbona wewe huna watu?" Nikamjibu kwamba mimi huwamaliza upesi. Wenzangu walicheka, na Suleimani peke yake hakucheka. Hilo pia liliniudhi.

Mwaka huo nilikuwa nimeposa. Msichana aliitwa Nekesa, wa upande wa pili wa mto kutoka kwetu, na mahari ilikuwa imekubaliwa. Alikuja Kitale pamoja na senge wake, yaani shangazi yake, dada wa baba, kununua kitambaa cha gauni la harusi. Niliwaandalia kila kitu kichwani. Nilijua jora gani nitalishusha, nitalitandazaje kwenye kaunta ili wauone mng'ao wake, na Nekesa ataonaje mikono yangu ikifanya kazi. Nilitaka aseme moyoni, huyu mwanamume ana kazi.

Walipofika mlango wa upande, senge alikataa kuingia. Alisema jumba lile ni kama kanisa la watu wengine, hajui pa kukaa wala pa kusimama, na kuna Mzungu ndani ya kioo anamtazama. Nilitoka nikamwambia asiogope, aingie tu, hakuna wa kumla. Akakasirika. Aliniuliza ni nani aliyeniambia kwamba anaogopa. Tukasimama pale kwenye ngazi mpaka Suleimani akatoka na kigoda. Akakiweka barazani, akamwamkia kwa heshima zote, akamwambia ndani kuna joto na harufu ya mafuta ya taa, hata yeye hupenda kukaa nje. Kisha akayatoa majora mwenyewe, moja moja, akamwekea senge magotini.

Gauni lilichaguliwa barazani. Lilikuwa la buluu yenye maua madogo meupe. Mimi nilikuwa nimetayarisha la waridi. Suleimani alimwuliza Nekesa kama kanisani kwao madirisha ni makubwa, naye akacheka, akauliza madirisha yana uhusiano gani na gauni. Suleimani akamweleza kwamba buluu inataka mwanga. Sijawahi kumfanya Nekesa acheke namna ile mpaka leo, na tumekaa pamoja maisha yetu yote. Walipokuwa wanaondoka senge aliniambia, "Yule kijana anajua watu." Nikamwambia ni mimi niliyemfundisha kazi. Akaniuliza, "Kazi gani?"

Nekesa alilivaa gauni lile harusini, kisha akalivaa kanisani kila Jumapili mpaka likapauka. Nililipa mimi. Aliyelichagua ni mwingine. Kila Jumapili nilitembea kando yake nikiwaza hivyo, na watu wakimsifu gauni alisema, bila nia mbaya hata kidogo, kwamba lilichaguliwa na Suleimani wa dukani.

Vita vikubwa vilikuja na vikapita. Askari walirudi na pesa na haja ya vitu ambavyo hawakuvijua kabla ya kuondoka. Duka lilipanua upande wetu. Palitengenezwa kaunta mpya ya mablanketi, ndefu, yenye rafu mpaka kwenye dari, na ilisemekana atakayeiongoza atapandishwa baadaye kuwa Msimamizi wa upande wote wa Waafrika. Hapakuwa na Mwafrika aliyewahi kupewa cheo hicho. Mimi ndiye niliyekuwa na miaka mingi. Aliyepewa kaunta ni Suleimani. Meneja aliniita kwenye chumba cha kioo, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Wewe mzuri sana. Lakini watu nataka yeye." Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililouma.

Kanuni ya kwanza ya duka ilikuwa kwamba kitu hakivuki mlango kabla hakijalipiwa. Hata kanuni hiyo Suleimani aliilegeza. Ndani palikuwa na giza kidogo, na mwenye kununua blanketi alitaka kuona rangi yake kwenye jua. Suleimani alimwachia mtu atoke nalo mpaka barazani. Sisi wengine tulishangaa. Karani Mkuu alimkemea mara mbili tatu, lakini mablanketi yaliuzwa kwa wingi, na kelele zake zikapungua.

Siku moja aliingia mtu mwenye koti la kijeshi lililochakaa. Walizungumza na Suleimani kwa muda mrefu, wakicheka, wakipigana mabega kama watu waliokua pamoja. Alisema mama yake yuko nje ndani ya mkokoteni, hawezi kushuka, na angependa alione blanketi kabla hajalipa. Suleimani akamkunjulia lile zito kuliko yote, la kijivu lenye mistari myekundu. Mtu yule akatoka nalo. Hakurudi. Tulipotoka kutazama, barabara ilikuwa wazi hadi kwenye kona, hakuna mkokoteni wala koti.

Karani Mkuu aliamini kwamba wawili wale walipanga. Alisema mtu hawezi kuzungumza vile na mtu asiyemjua. Meneja alikuwa tayari kuita polisi, na kwa miaka ile Mwafrika akipelekwa polisi na Meneja Mzungu hakuna aliyeuliza maswali mengi. Suleimani alisimama kando ya mizani, kofia mkononi, uso umemsawajika. Hakujitetea. Alisema tu kwamba hamjui mtu yule.

Ndipo nilipoitwa mimi, kwa sababu kaunta yangu ilikuwa jirani na yake.

"Wewe ona yeye kila siku," Meneja aliniambia. "Yeye jua huyu mtu, au hapana jua?"

Ningeweza kusema sijui. Neno hilo moja lingetosha, na lisingekuwa hata uongo mkubwa, maana nani anaweza kuapa kwamba mwenzake hamjui fulani? Niliiona kaunta ya mablanketi nyuma ya bega la Meneja, na rafu zake, na nilijiona nimesimama pale. Nilimwona Nekesa akiambiwa na watu kwamba mumewe ndiye Msimamizi.

"Hamjui, Bwana," nilisema.

"Mbona sema naye kama ndugu?"

"Anasema hivyo na kila mtu. Kabla ya huyo alikuwa na mama mmoja, alizungumza naye vilevile. Akija mwingine sasa hivi atazungumza naye vilevile. Hata mimi anazungumza nami hivyo, na mimi simpendi."

Sijui kwa nini niliongeza maneno ya mwisho. Karani Mkuu alinikazia macho juu ya miwani. Meneja akayavuta masharubu yake. Nadhani maneno yale ndiyo yaliyomfanya aniamini, kwani mtu hamtetei asiyempenda bila sababu. Polisi hawakuitwa. Suleimani aliambiwa akae nyumbani mpaka Meneja atakapoamua, nami nikawekwa kwenye kaunta ya mablanketi.

Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo kwa muda mrefu, na naweza kusema kwamba sikupata siku ndefu kuliko zile. Watu waliingia, wakaitazama kaunta, wakaniuliza Suleimani yuko wapi. Niliwaambia hayupo. Wakauliza ni mgonjwa? Atarudi lini? Wengine waliuliza anakaa wapi ili wakamwone. Mzee mmoja kutoka Cherangani alikaa barazani tangu asubuhi mpaka mchana, kisha akaondoka bila blanketi ingawa baridi ya huko kwao naijua. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi nikamwambia, "Mzee, blanketi ni lilelile." Akanijibu kwa upole kwamba anajua ni lilelile.

Halafu, kabla wiki haijaisha, yule mtu wa koti la kijeshi akatokea, na mkononi amemshika mama mzee aliyejifunika blanketi la kijivu lenye mistari myekundu. Kumbe mama alikuwa na homa kali. Alipofunikwa lile blanketi ndani ya mkokoteni alianza kutetemeka na macho yakampinduka, na mwenye mkokoteni akapiga ng'ombe mbio kwenda hospitali bila kungoja amri ya mtu. Mwana alikaa kando ya kitanda mpaka mama alipopata nafuu. Sasa amekuja kulipa. Mama yake alitaka amwone mwenyewe kijana aliyempa blanketi bila kumjua.

Suleimani aliitwa kutoka nyumbani. Mama mzee alimshika mikono yote miwili, akamwombea kwa lugha yake mbele ya duka zima, na hata walowezi wawili upande wa mbele waliacha shughuli zao wakatazama. Meneja alitoka katika chumba chake cha kioo, jambo alilolifanya kwa nadra, akampa Suleimani mkono. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta. Hakuna aliyenitazama. Nikawaza, bila mimi huyu angekuwa seli sasa hivi.

Na Suleimani kana kwamba alinisikia. Aliwanyamazisha watu, akasema kwamba yule wa kushukuriwa ni Wafula, aliyesema kweli wakati hakuna mwingine aliyesema, na kwamba yeye hatasahau mpaka anaingia kaburini. Watu waligeuka wakanitazama kidogo. Kisha wakamsifu Suleimani kwa kuwa mtu mwenye shukrani.

Alifanywa Msimamizi. Mimi nilipewa tawi la Bungoma.

Tawi hilo lilikuwa karibu na stesheni ya reli, chumba kimoja kirefu chenye bati, na nilikuwa mkubwa wake. Watu wengi wangefurahi, na Nekesa alifurahi, maana tulikaribia kwetu. Nilifanya kazi pale mpaka kustaafu, chini ya wakaguzi watatu waliofuatana, na nikapandishwa mshahara kila ilipostahili. Lakini mara kwa mara mtu alishuka kwenye treni, akaingia dukani, akasoma jina la duka mlangoni na kusema kwa furaha, "Kumbe nyinyi ni wale wa kwa Suleimani wa Kitale!"

Nilijaribu namna yake. Nilimwuliza mtu ametoka wapi. Akaniuliza kama mimi ni wa polisi. Nilimwuliza mwingine kama mvua imenyesha kwao, akanijibu, "Si unaona viatu vyangu?" Nikaacha. Nikarudi kwenye njia yangu ya kupima na kupasua na kufunga, na polepole nikapata watu wangu. Walikuwa wale wenye haraka ya kuwahi treni, na akina mama waliosema kwamba kwa Wafula hupotezewi wakati. Walikuwa wateja wazuri. Walinilipa wakaenda. Sikumbuki majina yao, na nadhani wao pia hawalikumbuki langu.

Mwaka mmoja Suleimani aliletwa kwetu kusaidia kuhesabu stoo, kazi ambayo kila tawi lilifanya mara moja kwa mwaka ili kulinganisha kilichopo na kilichoandikwa. Ilipofika Jumapili nilimpeleka Sirisia. Nekesa alitaka kumpikia kuku, na Suleimani akaomba amchinje mwenyewe kwa desturi ya dini yake. Aliingia jikoni akamchinja, akamnyonyoa, na wakati wote huo aliwachekesha watoto wangu na mke wangu. Mimi nilikaa sebuleni peke yangu nikiwasikiliza. Niliwasikia wakitaja lile gauni la buluu.

Baada ya kula nilimtembeza shambani. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, na migomba ya baba ilikuwa upande wa chini karibu na kijito. Alitembea kimya, jambo ambalo sikulizoea kwake. Aliniuliza mpaka ni wapi, nikamwonyesha. Aliniuliza lile kaburi chini ya mti ni la nani, nikamwambia ni la babu yangu, na baba yuko kando yake.

"Na wewe utalala hapo," alisema.

Nikamwambia ndivyo ilivyo.

"Mimi chumba ninachokaa ni cha kampuni," alisema. "Nikiacha kazi natoa vitu vyangu. Baba yangu amezikwa makaburi ya mji, namba tu, hata jirani zake hawajui. Unaona navyoongea na watu, Wafula? Sina mtu mwingine wa kuongea naye. Nakuonea wivu wewe. Tangu siku ile shangazi ya bibi yako amekaa kwenye kigoda akanitajia ukoo wake na wenu, jina moja baada ya lingine, nakuonea wivu."

Alinitazama kama aliyetua mzigo. Mimi nilitazama mahindi. Ningepaswa kufarijika, na labda mtu mwingine angefarijika. Lakini nilichowaza ni kwamba mimi nimembeba huyu kifuani miaka yote bila kuweza kumtamkia, na yeye ameweza, tena kwa maneno machache, tena vizuri. Hata wivu wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Nikamwambia kama atataka mahali, kuna kipande karibu na kijito, tunaweza kuzungumza na ndugu zangu. Nilimaanisha. Alinishukuru, akasema atafikiri. Hakurudi tena kulizungumzia.

Nilistaafu miaka michache kabla ya uhuru. Mkaguzi alinipa saa na mkono, nikarudi Sirisia kulima. Vijana huniuliza sasa juu ya maduka mapya ambamo mtu huchukua vitu mwenyewe kwenye rafu, akatia kwenye kikapu, akalipa mlangoni bila kusema neno na mtu yeyote. Wanadhani nitayalaani. Mimi nayaona mazuri. Humo hakuna muuzaji anayependwa kuliko mwingine.

Suleimani alifariki akiwa bado kazini, mwaka uliofuata kustaafu kwangu. Habari zilitufikia wakati amekwisha kuzikwa, kwa kuwa Waislamu hawachelewi. Mimi na Nekesa tulipata lori lililokwenda Kitale tukafika siku ya pili ya matanga. Nilitarajia kukuta watu wa msikitini na wachache wa dukani. Sikuweza hata kukaribia mlango. Watu walikuwa wamekaa chini pande zote mbili za njia: vibarua wa mashambani, akina mama wa Cherangani waliofunga vichwa, fundi Kalasinga wa magari, wazee wa Kipokot na vigoda vyao, walimu wa shule, Karani Mkuu akiwa amezeeka na kushika fimbo. Nilimwuliza mtu aliyekuwa karibu nami anahusianaje na marehemu. Akasema aliwahi kununua blanketi kwake.

Nekesa aliingia kwa wanawake, mimi nikakaa nje na wengine mpaka jioni. Tulilala kwa jamaa yetu mmoja upande ambao leo mnauita Tuwan, na asubuhi tukashika njia ya kurudi. Nekesa ananijua. Aliniuliza kama namlilia rafiki yangu, nikamwambia ndiyo. Akangoja.

"Mimi nikifa," nikamwambia, "watakuja nani?"

"Watakuja wa ukoo," alisema. "Watajaa boma. Unawajua walivyo wengi."

"Wa ukoo ni lazima waje," nikamwambia. "Wale wa jana hawakulazimishwa na mtu."

Aliuweka mkono wake juu ya wangu, na hakunipinga.